Kuichunguza Bunduki Kongwe ya Kifaransa ya Kasiba Mbili Kabla ya Kuinunua

Yako mengi katika bunduki kongwe ambayo fundi mwenye mikono mizuri na subira aweza kuyarudisha katika hali njema: kitako kilichopasuka huungwa, springi iliyolegea hubadilishwa, skrubu iliyoliwa kichwa huchongwa upya, na hata nakshi iliyofutika hupatikana mtu wa kuichora tena. Lakini yako mawili yasiyo na fundi, nayo ni kasiba iliyoliwa na kutu mpaka ukuta wake ukawa mwembamba, na karatasi za umiliki ambazo hazikuwa sahihi tangu asili. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata ukweli huo. Tutaanza na karatasi, tutakaa kwa muda mrefu katika kasiba na chemba, na yaliyobaki tutayapita kwa haraka, ijapokuwa aghalabu hayo ndiyo muuzaji atakayoyasifu kwanza, kwa kuwa ndiyo yanayong'aa.

Sababu ya mpango huu ni ya kimaumbile. Risasi ya kawaida ya marisau ya namba 12 iliyotengenezwa leo huruhusiwa kufikia msukumo wa bari 740 ndani ya chemba, maana yake kiasi cha mara mia saba na arobaini ya uzito wa hewa ituzungukayo. Na wakati huohuo kiganja chako cha kushoto kimeikumbatia kasiba hiyo kwa chini, na jicho lako liko nyuma yake kwa kadiri ya shubiri moja na nusu. Mtu aliyeitengeneza bunduki hiyo Saint-Étienne miaka themanini au mia iliyopita alikuwa na risasi ya zama zake akilini mwake, si hii utakayoinunua dukani.

Zilivyofika katika nyanda zetu

Silaha za Ulaya zilipanda Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania kwa njia nyingi: pamoja na walowezi wa Kijerumani, wa Kiingereza na wa Kigiriki waliolima Iringa na Mufindi, pamoja na wachimbaji walioivamia Lupa, Chunya, dhahabu ilipovuma katika miaka ya 1920 na 1930, na pamoja na mapadri, ambao miongoni mwao walikuwamo Wamisionari wa Afrika, shirika lililoasisiwa mwaka 1868 na Kardinali Lavigerie, Mfaransa. Fauka ya hayo kulikuwa na njia ya magharibi, itokayo Kongo, ambako Kifaransa kilikuwa lugha ya serikali ilhali serikali yenyewe ilikuwa ya Ubelgiji.

Njia hiyo ya mwisho ndiyo inayowapoteza wanunuzi wengi. Bunduki yenye maneno ya Kifaransa juu ya kasiba si lazima iwe ya Ufaransa, na kwa maoni yangu nyingi zinazoitwa "za Kifaransa" huku kwetu ni za Liège, Ubelgiji. Si aibu kununua bunduki ya Liège, kwani mji ule umetoa silaha bora sana. Lakini alama zake za majaribio ni nyingine, na huwezi kuisoma bunduki kwa alama za nchi isiyokuwa yake.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya chuma

Usiishike bunduki kabla hujaiona leseni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila mwenye silaha awe na leseni ya silaha hiyohiyo, iliyotajwa kwa namba yake, na hairuhusu silaha kuhama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine kwa makubaliano ya watu wawili peke yao. Basi fanya hivi kwa utaratibu:

1. Omba leseni ya muuzaji, ulinganishe jina lililoandikwa na kitambulisho chake.
2. Soma namba ya silaha, aina na kaliba katika leseni, uziandike katika karatasi yako. Baadaye utazilinganisha na chuma chenyewe.
3. Uliza kama silaha ilipelekwa katika uhakiki wa silaha uliofanyika nchini mwaka 2016, na kama upo ushahidi wake.
4. Nenda wewe na muuzaji kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, mweleze nia yenu, na uanze maombi yako ya leseni, ambayo huanzia katika serikali ya mtaa au ya kijiji chako na kupanda kwenye kamati za ulinzi na usalama.
5. Usitoe fedha yote, wala usiichukue bunduki nyumbani hata kwa usiku mmoja "kuitazama vizuri", mpaka kibali kiwe mkononi.

Mirathi inahitaji neno la peke yake, maana bunduki nyingi kongwe za Mafinga, Tukuyu na Mbozi hutoka humo. Mwenye leseni akifariki, leseni haiwi ya mwanawe wala ya mjane wake; silaha hupelekwa polisi, nayo hukaa huko mpaka mrithi apate leseni yake au silaha ihamishwe kwa mwingine kwa idhini. Ukiambiwa kuwa bunduki ya marehemu imekaa juu ya kabati tangu msiba, na polisi hawajaambiwa, usifanye biashara. Mwambie mama wa nyumba kwa upole na kwa taadhima kwamba aripoti kwanza, na ikiwa anaona hofu, mfahamishe kuwa Jeshi la Polisi limewahi kutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila ya kushtakiwa. Aulize kituoni, au amtume mwenyekiti wa kijiji amuulizie. Umri wa silaha hauisamehe na sheria: bunduki ya kale isiyo na leseni ni haramu kama lilivyo haramu gobore lisilo na leseni.

Na ikiwa bunduki iko ng'ambo ya mpaka wa Tunduma au Kasumulu, fahamu kuwa kuiingiza nchini bila ya kibali kilichotangulia ni kosa zito, hata kama muuzaji wa huko ana karatasi za nchi yake zilizotimia.

Hatua ya 2: Hakikisha haina kitu, mbele ya mwenyewe

Wazee wetu wengine huona kama tusi mgeni anapoifungua bunduki aliyoambiwa kuwa ni tupu. Lipitie jambo hili kwa adabu: "Mzee, nikubalie tuitazame pamoja." Kasiba ielekezwe chini mahali palipo salama, kidole kiwe nje ya kifyatulio, bunduki ifunguliwe, macho yatazame chemba zote mbili na kidole kizithibitishe. Kisha tazama ndani ya kasiba kutoka nyuma mpaka uone mwanga upande wa pili. Bunduki iliyotundikwa ukutani kwa miaka aghalabu huwa na kiota cha nyigu wa udongo ndani yake, na udongo ule mdogo unatosha kuipasua kasiba kwa risasi ya kwanza.

Hatua ya 3: Itambue

Fungua bunduki, uondoe kipande cha mbao cha mbele, kisha utenge kasiba na mwili. Alama zilizo nyingi na zenye maana ziko chini ya kasiba, mahali pasipoonekana bunduki ikiwa imefungwa. Chukua lenzi ya kukuzia, kitambaa na tochi.

Watengenezaji ambao una nafasi kubwa ya kukutana nao ni hawa. Manufrance ya Saint-Étienne, iliyoasisiwa mwaka 1885 na Étienne Mimard na Pierre Blachon, ilitoa bunduki mbili mashuhuri: Idéal, ya fahari, ambayo hufunguliwa kwa wenzo ulio chini karibu na kikingio cha kifyatulio, na Robust, iliyoanza kuuzwa mwaka 1913, bunduki ya mkulima, nzito kidogo, isiyo na mapambo mengi, na kwa rai yangu ndiyo inayofaa zaidi kwa mtu wa huku kwetu. Kampuni ile ilivunjika katika miaka ya 1980, kwa hiyo usitaraji kuagiza kipuri kipya kutoka kiwandani. Darne, nayo ya Saint-Étienne, haivunjiki katikati kama bunduki nyingine: kasiba zake zimesimama imara, na sehemu ya nyuma huteleza kurudi nyuma kwa kuvutwa wenzo ulio juu. Verney-Carron ni nyumba kongwe kuliko zote hizo, ya mwaka 1820. Na ipo jamii ya bunduki za Lefaucheux, zenye vitundu vidogo juu ya chemba kwa ajili ya pini ya risasi kuchomoza. Hizo risasi zake hazipo tena sokoni, na ununuzi wake ni wa kutundika ukutani tu, kwa leseni vilevile.

> KISANDUKU: ALAMA ZA KUTAFUTA CHINI YA KASIBA
>
> *Za Ufaransa*
> – Jina la mji, ST ETIENNE, pamoja na taji: kasiba ilijaribiwa katika nyumba ya majaribio ya Saint-Étienne.
> – Herufi PT chini ya taji (au PJ, au PM): ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Hii ndiyo alama unayoitaka.
> – Tarakimu kama 18,2 au 16,8: upana wa kasiba kwa milimita ilipotoka kiwandani.
> – 65 au 70: urefu wa chemba kwa milimita.
> – CHOKE RECTIFIÉ: mdomo wa kasiba umebanwa na kusawazishwa.
>
> *Za Ubelgiji*
> – Herufi ELG ndani ya umbo la yai.
> – Simba juu ya herufi PV: baruti isiyo na moshi.
> – NON POUR BALLE: mdomo umebanwa, usipige risasi ya donge moja.

Mtu akikuta kasiba ya Kifaransa isiyo na alama hata moja ya majaribio, asiharakie kusema kuwa ni bandia. Sheria ya Ufaransa ya mwezi wa Agosti 1885 iliwaachia huru watengenezaji, na kwa miongo mingi baada yake kupeleka bunduki kwenye majaribio kulikuwa ni hiari ya kiwanda au ya mnunuzi. Kutokuwapo kwa alama hakuthibitishi ubaya. Lakini vilevile hakukupi ithibati ya wema, na kasiba ya namna hiyo ichukuliwe kuwa ni ya baruti nyeusi mpaka fundi aliyehitimu aseme vingine.

Hatua ya 4: Kaliba na chemba, mahali penye ajali nyingi

Kaliba ya bunduki ya marisau hupimwa kwa hesabu ya kizamani: namba 12 ni upana wa donge la risasi ambalo madonge kumi na mawili yake hutimiza ratili moja, na namba 16 ni la madonge kumi na sita. Kwa hiyo namba ikikua, kasiba hupungua. Kwa milimita, kasiba ya namba 12 ni kama 18.5, ya namba 16 ni kama 16.8, na ya namba 20 ni kama 15.6. Wafaransa waliipenda sana namba 16, na bunduki nyingi njema za Saint-Étienne ni za kaliba hiyo. Kabla hujaupenda wepesi wake, zunguka katika maduka ya risasi yenye leseni, uulize kwa siku tofauti kama risasi za namba 16 zinapatikana. Bunduki isiyo na risasi ni mzigo wenye leseni.

Kisha urefu wa chemba. Bunduki nyingi za Kifaransa za kabla ya Vita Kuu ya Pili zina chemba ya milimita 65. Risasi nyingi za leo ni za milimita 70, na hapa pana hadaa inayowashinda hata watu wazoefu: urefu unaoandikwa kwenye kasha ni wa ganda likiwa limefunguka baada ya kupigwa. Likiwa bado limekunjwa mdomo ni fupi kwa karibu sentimita moja, na kwa sababu hiyo risasi ya 70 huingia vizuri katika chemba ya 65, bunduki hufunga bila ya kinyongo, na mwenyewe huamini kuwa mambo yako sawa. Kifyatulio kinapovutwa, mdomo wa ganda hufunguka ndani ya sehemu nyembamba iliyo mbele ya chemba, huziba njia, na msukumo hupanda. Huenda bunduki ikastahimili mara hamsini. Bawaba ndiyo itakayoanza kulegea, kisha siku moja kitu kingine.

Ipime chemba mwenyewe, usitegemee kumbukumbu ya muuzaji:

1. Ikiwa tarakimu 65 au 70 imepigwa chini ya kasiba, iandike.
2. Ikiwa haipo, au unashuku kuwa chemba imerefushwa baadaye, ingiza rula nyembamba ya chuma taratibu mpaka uhisi ukingo ambapo chemba inakwisha. Chukua kipimo cha kasiba zote mbili, kwani si ajabu kutofautiana.
3. Chemba iliyorefushwa kutoka 65 hadi 70 imepunguza chuma mahali penye msukumo mkubwa. Usiikubali bila ya fundi kuupima ukuta.

> HADHARI
> – Risasi zenye marisau ya chuma, na risasi za nguvu zilizoandikwa "magnum", zinazoweza kufikia bari 1050, zisiingizwe katika bunduki hizi kabisa. Tumia marisau ya madini ya risasi, mzigo mwepesi, ganda la urefu unaostahili.
> – Usichanganye mfukoni risasi za namba 20 na za namba 12. Ya namba 20 huteleza ndani ya kasiba ya 12, hukwama mbele ya chemba, na ya pili ikiingizwa nyuma yake kasiba hupasuka.

Hatua ya 5: Kasiba

Fanya kazi hii mchana wenye jua. Katika miezi ya Juni na Julai, ukungu wa Mufindi na wa Uporoto haukupi mwanga wa kuona kutu ndani ya bomba. Afadhali uombe kurudi adhuhuri kuliko kuhukumu kwa taa.

Kwanza isafishe. Kasiba iliyopakwa mafuta mazito asubuhi ya siku uliyotarajiwa kufika hung'aa kama kioo, na mafuta yale hujaza vishimo vya kutu. Pitisha kitambaa kikavu mara kadhaa mpaka kitoke safi, ndipo utazame.

*Jaribio la sauti.* Kasiba zikiwa peke yake, zitundike kwa kidole katika kulabu iliyo chini yake, uzigonge kidogo kwa kifundo cha kidole au kwa penseli. Zikiwa zimeunganika vizuri hulia kwa sauti nyembamba ya kudumu. Zikitoa sauti iliyokufa, basi lehemu ya utepe wa chuma ulio kati yake imeachia mahali fulani, na maji ya mvua za Rungwe huingia humo na kuila kasiba kwa nje, mahali ambapo jicho halifiki. Kuzilehemu upya ni kazi ya fundi bingwa na gharama yake yaweza kuzidi thamani ya bunduki. (Darne ambayo hukuitenganisha haifai kwa jaribio hili.)

*Jaribio la macho.* Ielekeze kasiba kwenye dirisha au kwenye mbingu iliyo wazi, si kwenye jua lenyewe. Utaona duara za mwanga zilizopangana. Zikiwa zimekaa katikati sawasawa, kasiba imenyooka. Pete nyeusi inayozunguka mahali pamoja ni uvimbe: risasi iliwahi kupita palipokuwa na kizuizi. Kivuli cha upande mmoja ni kibonyeo. Kibonyeo hunyooshwa; uvimbe, kwa mnunuzi wa kawaida, ni sababu ya kuondoka.

*Vishimo vya kutu.* Fataki za zamani ziliacha chumvi iliyokula chuma kama bunduki haikusafishwa usiku uleule. Tazama hasa mbele ya chemba na karibu na mdomo. Madoa mepesi ni uzee. Vishimo vyenye kina ndani ya chemba, au katika kiasi cha sentimita 20 zinazofuata, vinatosha kuikataa bunduki.

*Unene wa ukuta.* Huu hauonekani kwa jicho, na ndio ulio muhimu kuliko yote. Kasiba iliyosuguliwa ndani ili kuondoa kutu huonekana mpya, kumbe imekonda. Pima upana wa ndani kwa kalipa, uulinganishe na tarakimu iliyopigwa chini yake: kasiba iliyotoka kiwandani na 18,2 na leo ina 18,6 imepoteza chuma. Mafundi wa Uingereza, ambao wamezoea sana bunduki kongwe, huihesabu nusu milimita kuwa ndio ukomo wa wembamba katika sehemu za mbele. Lakini kuipima nusu milimita hiyo kunahitaji chombo maalumu na mtu anayekijua.

*Chuma cha kusokotwa.* Ukiona juu ya kasiba mistari ya mawimbi, hiyo ni kasiba iliyofumwa kwa vipande vya chuma na feleji vilivyosokotwa pamoja. Ni nzuri ajabu, na ni ya zama za baruti nyeusi. Wako wanaozitumia, lakini mimi simshauri mkulima wa Ismani wala wa Igurusi anunue bunduki ya namna hiyo kwa kazi. Mawimbi yale huweza kuchorwa pia juu ya chuma cha kawaida, na huweza kufichwa kwa rangi nyeusi. Tazama chini, mahali palipofunikwa na mbao, utajua ukweli.

Hatua ya 6: Kufunga, vifyatulio na mbao

Rudisha kasiba bila ya kipande cha mbao cha mbele, kwa kuwa springi yake huficha ulegevu. Funga, shika shingo ya kitako kwa mkono mmoja na kasiba kwa mwingine, kisha utikise kwa upole, juu na chini, kulia na kushoto. Bunduki njema haina mlio wala mchezo. Weka ukanda wa karatasi nyembamba kati ya kasiba na uso wa nyuma, funga, uvute: ukiteleza bila ya kushikwa, pengo limekuwa kubwa. Tazama na tundu za pini katika uso huo; zikiwa zimeliwa pembeni, gesi imekuwa ikivuja kuelekea kwa mpigaji.

Vifyatulio usivipige bure bila ya risasi bandia za mazoezi, maana pini za kale hukatika na za kuzibadili hazipatikani. Kwa kutumia risasi bandia hizo:

– ninginiza mizani ya ndoano katika kifyatulio. Cha mbele kiachie karibu na kilo 1.7, cha nyuma zaidi kidogo. Chini ya kilo moja na nusu ni hatari;
– gonga kitako ardhini kidogo, kiganja kikiwa kimetangulia chini yake, bunduki ikiwa imekokiwa; isifyatuke;
– fyatua kasiba moja, uhakikishe ya pili haikufuata;
– ikiwa ina nyundo za nje, zivute nusu, ubonyeze kifyatulio kwa nguvu ya wastani, nyundo isishuke.

Mbao ni jambo la haraka. Tafuta nyufa katika shingo na mahali mbao inapokutana na chuma, kwa maana hewa kavu ya Iringa baada ya miaka ya unyevu huzifungua nyufa zilizolala. Mbao iliyokuwa nyeusi na laini nyuma ya chuma imekunywa mafuta mengi na haitashika tena. Baadhi ya bunduki za Kifaransa zina mkanda wa kubebea unaojikunja wenyewe ndani ya kitako. Ukivutwa na usirudi, ni springi tu, wala usiwe sababu ya kukataa bali ya kupunguza bei.

Mwisho, tazama skrubu na namba. Vichwa vya skrubu vilivyochanika ni ushahidi kuwa bunduki imepita kwa mtu asiye fundi. Namba ya kasiba, ya mwili na ya kipande cha mbao cha mbele sharti ziwe moja, na ziwe ile uliyoiandika kutoka katika leseni. Namba iliyosuguliwa, au iliyopigwa juu ya nyingine, inamaliza mazungumzo papo hapo, hata kama kasiba ni safi namna gani.

Makosa yanayowaponza wanunuzi

Kosa kubwa ni kununua nakshi: kware waliochongwa ubavuni hawaongezi nguvu ya chemba. La pili ni kuijaribu bunduki kwa bega mara ya kwanza, porini, na risasi za kuazima. Kujaribu ni kwa fundi mwenye leseni, mahali palipoidhinishwa, bunduki ikiwa imefungwa katika kifaa na kifyatulio kikivutwa kwa kamba. La tatu ni kudhani kuwa leseni ya bunduki ni ruhusa ya kuwinda. Kanga na kware wa Usangu, ngiri na nguruwe pori wanaoharibu mahindi, wote wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mwindaji anahitaji kibali chake mbali na leseni. Na katika hifadhi za taifa za Ruaha na Kitulo usiingie na silaha bila ya idhini, hata ukiwa unapita.

Orodha ya kubeba mfukoni

☐ Leseni na kitambulisho vimelingana
☐ Namba tatu za chuma ni moja, na ni ya leseni
☐ Chemba zimethibitishwa tupu, kasiba hazina kizuizi
☐ Nchi na mtengenezaji vimetambuliwa
☐ Alama ya baruti isiyo na moshi ipo, au fundi ametoa hukumu
☐ Kaliba, na risasi zake zinapatikana
☐ Urefu wa chemba: 65 au 70, kasiba ya kulia na ya kushoto
☐ Sauti, duara za mwanga, vishimo, upana wa ndani
☐ Haitikisiki bila ya mbao ya mbele
☐ Vifyatulio, kizuizi cha usalama, vitoa maganda
☐ Nyufa, skrubu

Kupatana bei

Peleka orodha hiyo, ikiwa imejazwa, kwa fundi wa bunduki mwenye leseni, yeye na polisi wakiwa wanajua inakotoka na inakokwenda silaha. Na kwa kuwa bado ni ya muuzaji, muuzaji ndiye aibebe. Gharama ya fundi lipa wewe, hata kama mwisho hutanunua, ili hukumu yake iwe ya kwako. Kila tengenezo atakalolitaja litolewe katika bei, na mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi wawili, yakitaja namba ya silaha, kaliba, urefu wa chemba kama ulivyopimwa, kiasi cha arubuni, na sharti kwamba arubuni hiyo itarudishwa yote endapo leseni yako itakataliwa au namba itaonekana na kasoro katika kumbukumbu za polisi. Muuzaji akikataa kuliandika sharti hilo, mrudishie leseni yake, mshukuru kwa muda wake, na uiache bunduki ilipo.